Diskasi wangu wanataga, lakini vifaranga hawafiki wiki: nimekosea wapi?

Swali la msomaji: Mtaalamu, shikamoo. Nina jozi ya samaki wa mapambo aina ya diskasi niliowalea tangu wakiwa wadogo. Sasa wana miezi 16 na wako peke yao kwenye tangi la lita 110 lisilo na mchanga. Wametaga mara nne ndani ya miezi miwili. Mara mbili za kwanza mayai yote yaligeuka meupe siku ya pili. Mara ya tatu niliamka nikakuta koni yao ya kutagia ikiwa tupu. Mara ya nne bomba lilikuwa linatoa maji ya tope, kwa hiyo nilikuwa nimejaza tangi kwa maji ya mvua, na mayai yakaanguliwa. Nilifurahi mno! Vifaranga walipoanza kuogelea nikawahamishia tangi dogo wasije wakaliwa na wazazi, nikawapa unga wa kiini cha yai. Siku ya tatu hakubaki hata mmoja. Maji yangu ya bomba yana TDS (kipimo cha madini yaliyoyeyuka majini) 390 na pH 7.8. Nimekosea wapi? Na siku wakikua, niwauze wakiwa na umri gani?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na mara ya pili nilitabasamu, maana umefanya jaribio zuri kabisa bila kukusudia. Jozi ni ile ile, koni ile ile, hita ile ile. Mara tatu maji ya bomba, mara moja maji ya mvua. Mayai yaliyoanguliwa ni yale ya maji ya mvua. Ukaitaja mvua kwa kupita tu, kama anayesimulia hali ya hewa, kumbe ndiyo habari yenyewe.

Jambo la kwanza ambalo mvua hiyo imelithibitisha ni kwamba una dume kweli. Usilione dogo. Majike wawili wa diskasi wakikosa dume huoana wenyewe kwa wenyewe: husafisha koni kwa midomo, huinamiana, hutetemeka, giza huwapanda nusu ya nyuma ya mwili, na hutaga vizuri tu. Kisha kila yai hugeuka jeupe, na mfugaji anamaliza miezi akihangaika na dawa za ukungu. Asiye na uhakika huangalia mrija wa kutagia siku yenyewe ya kutaga: wa jike ni mnene na butu, wa dume ni mwembamba na umechongoka. Umbo la mapezi na kipaji cha uso vimewadanganya wengi, nami nimo. Wewe umeshavuka hapo.

Sasa maji. Diskasi ni samaki wa bonde la Amazon, na baadhi yao, kama wale wa Heckel waliopewa jina la kisayansi mwaka 1840, wanaishi katika maji ya Rio Negro ambayo ni meusi kama chai ya rangi, yana asidi, na madini ndani yake karibu hakuna. Wanaofugwa leo wamezaliwa kwenye matangi kwa vizazi vingi, na samaki mzima atakula na kunenepa kwenye TDS 390 yako bila kulalamika. Yai ndilo halijazoea. Katika maji magumu, kalsiamu hukaza ganda la yai, na mbegu ya dume hupata shida kuingia. Hata yai lililorutubishwa, kifaranga anaweza kushindwa kulipasua. Kwa hiyo mayai meupe ya siku ya pili hayakuharibiwa na ukungu. Ukungu ulikuja baadaye kula kilichokwisha kufa. Yai lililorutubishwa hubaki na rangi ya kaharabu, na kufikia siku ya pili unaanza kuona doa jeusi ndani yake.

Lenga TDS kati ya 50 na 100, na pH ya 6 hadi 6.5, kwenye nyuzi 29 au 30 za Selsiasi. Kama unaweza kupata mashine ya RO, ile inayochuja maji mpaka yanabaki karibu bila madini, chukua sehemu nne za maji yake kwa sehemu moja ya maji ya bomba. Tuseme maji ya RO yana TDS 10: mchanganyiko utakuwa karibu 86, papo hapo panapotakiwa. Usitumie maji ya RO matupu wala ya mvua matupu. Maji yasiyo na madini kabisa hayana kitu cha kuishikilia pH, na usiku mmoja inaweza kuporomoka hadi chini ya 5 huku umelala. Ile moja ya tano ya maji ya bomba ndiyo nanga yako.

Maji ya mvua yanafaa, lakini paa linaweza kukuponza. Acha mvua ya mwanzo ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, uchote inayofuata. Paa jipya la bati hutoa zinki, na zinki huua samaki; mabomba ya shaba nayo ni hivyo hivyo. Pitisha maji kwenye mkaa maalumu wa kuchujia, kisha yakae siku nzima yakipulizwa hewa kabla hayajaingia tangini. Huo muda wa kupulizwa ni muhimu pia kwa maji ya bomba: klorini hutoka yenyewe, lakini kloramini haitoki, hiyo inataka dawa ya kuondoa klorini. Uliza au pima ujue maji yenu yanatiwa ipi.

Ukitaka kuishusha pH kidogo zaidi, majani makavu ya mkungu au mboji ya kinamasi (peat) kwenye kifuko hufanya kazi polepole na kwa upole. Chupa za asidi ziache dukani. Niliwahi kuzitumia nilipokuwa na haraka kama yako. pH ilishuka asubuhi, ikapanda jioni, nikatia tena, ikashuka tena, na jozi yangu bora ikagoma kutaga kwa miezi mitano. Diskasi anavumilia pH isiyo kamili. PH inayopanda na kushuka ndiyo inayomwumiza.

Mayai yaliyoliwa mara ya tatu yasikusumbue. Wazazi wa miezi 16 ni wanafunzi, na wengi hula mayai mara ya kwanza, ya pili, hata ya tano. Mara nyingine wanajua kwamba mayai hayana uhai, wanafanya usafi. Unachoweza kufanya ni kuwaondolea hofu. Acha taa ndogo hafifu iwake usiku kucha, maana wazazi wasioyaona mayai gizani huyasahau, na kivuli cha mtu anayepita huwashtua. Funika pande tatu za tangi kwa karatasi. Wakiendelea na tabia hiyo, zungushia koni wavu wa plastiki wenye matundu ya sentimita moja mara tu dume anapomaliza kupita juu ya mayai: watayapepea kwa mapezi lakini midomo haitafika. Uutoe kabla vifaranga hawajaanza kuogelea. Wafugaji wengi hutia pia methilini bluu, dawa ya kuzuia ukungu. Mimi siitii ndani ya tangi la wazazi, kwa sababu inaweza kuwaua bakteria wa kichujio, nao nawahitaji zaidi kuliko ninavyoogopa ukungu.

Tufike sasa kwenye msiba wenyewe.

Uliwatenga ili wasiliwe na wazazi, na kwa samaki wengine wengi ungekuwa umefanya la busara. Lakini kifaranga wa diskasi anawala wazazi wake. Kwa lugha nyingine, ananyonya. Ngozi ya dume na ya jike, wote wawili, hutoa ute mzito wakati wa malezi, na kwa siku za mwanzo huo ndio chakula cha watoto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth nchini Uingereza walichapisha mwaka 2010 vipimo vya ute huo: protini na kingamwili ndani yake hupanda jozi inapotaga, hubaki juu wakati watoto wananyonya, kisha hushuka katika wiki ya tatu hivi. Waliona pia jinsi wazazi wanavyopeana zamu. Mmoja hukaa ametulia dakika kadhaa huku watoto wamemganda ubavuni, halafu hujirusha ghafla pembeni, na kundi zima linabaki linaelea mpaka mwenzake alipokee. Ukiiona kwa macho yako, hutakwenda kulala.

Kwa hiyo vifaranga wako walikufa njaa. Akiba ya kiini waliyoanguliwa nayo huisha karibu na wakati wanapoanza kuogelea, na baada ya hapo wanataka ubavu wa mzazi. Unga wa kiini cha yai si upuuzi. Wapo wafugaji waliolea diskasi bila wazazi kwa kuupaka kwenye ukingo wa beseni lenye maji ya kina kifupi. Lakini hiyo ni kazi ya kulisha kila baada ya saa chache na kubadilisha karibu maji yote baada ya kila mlo, siku baada ya siku. Ukimwagwa tu ndani ya tangi dogo, unaoza, amonia inapanda, na hata yule kifaranga aliyeambulia chembe mbili anakufa kwa sumu. Sikushauri njia hiyo ukiwa na wazazi wazima walio tayari kunyonyesha.

Safari ijayo itakwenda hivi. Mara nyingi watataga jioni. Saa 50 hadi 60 baadaye utaona mikia ikitikisika kwenye koni: wameanguliwa lakini bado wamenata kwa vichwa. Wazazi watawahamisha kwa midomo kutoka upande mmoja wa koni hadi mwingine, au hata kwenye kioo. Usidhani wanawala, huwatafuna kidogo kama kuwaosha, kisha huwatema. Siku mbili au tatu nyingine zinapita, halafu wanaachia na kuogelea. Saa hizo ndizo zinazoamua kila kitu, maana kifaranga lazima amwone mzazi, amfuate na kumganda kabla nguvu hazijamwishia.

Macho yake hufuata kitu cheusi. Diskasi mwenye watoto hujitia giza mwilini, na hiyo ndiyo taa yao ya kurudi nyumbani. Ukiwa na hita nyeusi, sponji nyeusi ya kichujio, au kivuli kizito kwenye kona, kundi litaganda huko na kufa likinyonya plastiki. Kwa hiyo siku wanapoanza kutikisa mikia, punguza maji taratibu mpaka kina cha sentimita 25 hivi ili umbali uwe mfupi, ukihakikisha hita imebaki chini ya maji. Badilisha sponji nyeusi kwa ya rangi nyepesi iliyokwisha kukomaa na bakteria kwenye tangi jingine, ipulize hewa polepole ili mkondo usiwasombe. Hita ya kioo cheupe ni bora. Kisha kaa mbali. Hukuniambia jozi yako ni ya rangi gani, na hilo ningependa kulijua, kwa kuwa aina kama Pigeon Blood haziwezi kujitia giza vizuri, na vifaranga wao hupotea njia mara nyingi zaidi. Kwa wazazi wa namna hiyo, tangi tupu lenye kuta nyepesi karibu ni lazima.

Wakishaganda, umeshinda nusu ya vita. Siku mbili za mwanzo sigusi maji kabisa, ila kunyonya uchafu wa chini kwa mpira mwembamba. Walishe wazazi kidogo kidogo, chakula wanachokimaliza, na utoe mabaki. Usiwanyime, kwa kuwa ute hautoki tumboni mwa mwenye njaa. Ikitokea wazazi wanagombania watoto, wakasukumana na kuumana, mtoe mmoja. Mzazi mmoja anaweza kulea peke yake, ingawa utamwona akichakaa ngozi mapema.

Siku ya nne au ya tano ya kuogelea, anza artemia, vijidudu jamii ya kamba wa maji ya chumvi. Lita moja ya maji, gramu 25 za chumvi, nusu kijiko cha chai cha mayai ya artemia, hewa ya kuvuruga kwa nguvu, joto la nyuzi 28 na taa juu yake. Baada ya saa 24 hadi 36 yameanguliwa. Zima hewa dakika kumi, maganda yatapanda juu, elekeza taa chini, na hao wadogo wa rangi ya chungwa watakusanyika kwenye mwanga. Wavute kwa mrija, wachuje kwenye kitambaa laini, uwasuuze kwa maji matamu. Wape siku hiyo hiyo, tena mapema, maana akiba yao ya lishe hupungua kila saa inayopita. Jitahidi maganda yasiingie, huziba utumbo. Wanyunyizie karibu na mwili wa mzazi walipo watoto, na baada ya nusu saa angalia matumbo. Tumbo la rangi ya chungwa ni cheti kwamba amekula. Mara mbili kwa siku mwanzoni, kisha tatu, kisha tano.

Na hapa ndipo wengi waliofanikiwa kufika wiki ya kwanza huanguka. Chakula kimeongezeka, uchafu umeongezeka, na maji yako sasa yana pH 6, ambapo bakteria wa kichujio hufanya kazi kwa uvivu. Takataka hizo zipo, lakini kwenye pH 6 karibu zote zinakaa katika hali ya amonia iliyofungwa, ambayo haiwadhuru sana. Unaona vifaranga wamechangamka, unaamua leo nitawabadilishia maji mengi, unachukua ndoo ya maji ya bomba yenye pH 7.8. Ndani ya dakika chache amonia ile inafunguka. Kwenye nyuzi 30, kutoka pH 6 hadi 8, sehemu yenye sumu huongezeka karibu mara mia. Asubuhi tangi ni kaburi, na mwenyewe anaapa kwamba maji masafi ndiyo yaliyoua samaki. Kwa maana fulani hajakosea.

Dawa yake ni kubadilisha kidogo na mara nyingi tangu siku ya tatu, asilimia 10 hadi 20 kila siku, kwa maji yenye joto lile lile na pH ile ile, yaliyoandaliwa jana yake kwenye pipa. Tia taratibu kwa mpira wa hewa, tone kwa tone ukiweza. Wakifika wiki mbili, anza kuongeza sehemu ya maji ya bomba kwenye pipa kidogo kidogo. Ulaini ulikuwa kwa ajili ya mayai. Mifupa inayokua inahitaji madini, na pH ikipanda polepole kichujio nacho kinaamka.

Kuwatenga, jambo ulilolifanya siku ya kwanza, lina wakati wake: wiki ya tatu hivi, watoto wakiwa wanakula artemia bila kusita na wazazi wameanza kuwakimbia. Usisubiri mzazi awe na vidonda. Chota maji ya tangi la wazazi ujazie tangi jipya, na kichujio kiwe kimekomaa. Kuanzia hapo ni kazi ya shamba: milo mitano au sita kwa siku, na nusu ya maji au zaidi kila siku. Hakuna njia ya mkato niliyoiona ikifanya kazi. Chakula kizito kama moyo wa ng'ombe uliosagwa kisubiri mpaka wapite mwezi na nusu, tena kidogo, kwa sababu unachafua maji haraka kuliko wanavyoweza kuumaliza.

Kuna kitu hukukiuliza, lakini nitakisema. Wachunguze wazazi kabla hawajataga tena. Wakijisugua kwenye koni, wakipumua kwa tamvua moja huku jingine limefungwa, kuna minyoo ya matamvua. Kwa samaki mzima ni kero, kwa kifaranga anayelala ubavuni mwake ni kifo cha wiki ya pili. Kinyesi cheupe chenye uzi mrefu pamoja na kukataa chakula kinaashiria vimelea vya utumbo, na hivyo hutibiwa kwa metronidazo. Tibu sasa, wakati hakuna watoto, na katika tangi la pembeni.

Jozi iliyopoteza watoto hurudi kutaga upesi, hata ndani ya wiki moja, na mara nne katika miezi miwili ni kazi kubwa kwa jike. Weka kizuizi cha wavu katikati ya tangi, shusha joto hadi nyuzi 28, uwalishe vizuri kwa wiki tatu au nne. Ukishaandaa pipa la maji laini, toa kizuizi, pandisha joto, na fanya badiliko kubwa kidogo la maji hayo laini yakiwa nyuzi moja au mbili chini ya yale ya tangini. Kwao hiyo ni habari kwamba mvua zimeanza.

Kuhusu kuuza: usimpe mtu kifaranga aliye chini ya wiki kumi. Akilelewa vizuri, wiki ya 12 anakaribia sentimita 5 au kuzidi, ameanza kuonyesha umbo la sahani, na anaweza kuhimili kuhamishwa. Kabla ya hapo wapitie mmoja mmoja: mwenye kifuniko cha tamvua kilichopinda au kifupi, mwenye macho makubwa kuliko mwili (huyo alidumaa), na mwenye mwili mrefu kama yai badala ya duara, hao wasiende kwa mtu anayetaka kuzalisha. Na mnunuzi mwambie TDS na pH uliyowakuzia, umwandikie kwenye mfuko wenyewe.